Hirizi na haiba: jinsi habari za vita zinavyopoteza njia

Mwanzoni mwa Novemba 2008, mji wa Kiwanja katika wilaya ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ulipitiwa na vikosi viwili hasimu ndani ya siku mbili. Tarehe 4 waliingia Mai-Mai, wapiganaji wanaonyunyiziwa dawa ya maji ili risasi zisiwadhuru, wakapambana na watu wa CNDP, kundi la Laurent Nkunda. CNDP waliporudi na kuushika mji, walipita nyumba hadi nyumba wakiwatoa wanaume, hasa vijana, na kuwaua kwa madai kwamba ni Mai-Mai. Human Rights Watch iliripoti kuwa watu wasiopungua 150 waliuawa Kiwanja tarehe 4 na 5. Wengi walikuwa raia waliobaki nyuma kulinda nyumba na mali zao. Kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa haikuwa mbali.

Msomaji aliyekuwa akivifuatilia vita vile kwenye vyombo vya habari vya nje alikuwa ameshakutana na pande zote mbili. Mai-Mai aliwaona pichani: kijana mwenye majani kichwani na hirizi shingoni, na chini yake maelezo ya mstari mmoja kwamba anaamini hafi kwa risasi. Nkunda alimsoma katika mahojiano marefu. Jenerali mrefu, mwembamba, mwenye fimbo mkononi na beji kifuani iliyomtangaza kuwa mwasi wa Kristo, anayezungumza lugha kadhaa na kuwakaribisha waandishi milimani kwa upole. Yule wa kwanza alikuwa kioja. Huyu wa pili alikuwa mtu mwenye hoja. Wakazi wa Kiwanja, waliokuwa katikati, hawakuwa na picha wala mahojiano mpaka walipokuwa maiti.

Nadhani hapa ndipo penye fundo la namna vita vinavyoandikwa. Kuna kinga anayojifunga mpiganaji na kuna mvuto anaoutumia kamanda. Mwandishi wa habari hukutana na vyote viwili. Cha kwanza hukitazama kwa mbali na kukifanya sababu ya kila kitu, cha pili kinamwingia bila yeye kujua. Na kuna kinga yake mwenyewe, ile ya mwandishi, ambayo kwa kawaida huikumbuka inapofeli.

Nianze na maji, maana habari zetu wenyewe zimo humo.

Kabla ya vita vya Maji Maji, Kinjikitile Ngwale alikuwa akiishi Ngarambe, karibu na bonde la Rufiji. Watu walimiminika kwake kutoka Umatumbi na kwingineko kupokea dawa iliyochanganywa maji, mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Ahadi yake inajulikana: risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Lakini pale Ngarambe hapakuwa na dawa tu. Watu walifundishwa kujipanga na kutembea kwa safu, na waliambiwa wasubiri, waendelee na kazi za Mjerumani mpaka neno litakapotoka. Wamatumbi walichoka kusubiri. Julai 1905, huko Nandete, waling'oa mapamba ya shamba la serikali, na vita vikaanza.

Habari za Ngarambe zilisafiri kwa mnong'ono, utaratibu ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Wazee waliosimulia miaka ya 1960, wakati Gilbert Gwassa na wenzake wa chuo kikuu Dar es Salaam walipokwenda kukusanya kumbukumbu, walieleza ujumbe ule ulibeba nini. Ulisema mwaka huu ni wa vita, kuna mtu amepandwa na pepo huko Ngarambe. Kisha ukataja sababu: tunaonewa na maakida, tunafanya kazi bila malipo. Ni taarifa kamili ya habari. Ina tukio, ina mahali, ina chanzo cha malalamiko. Haikuwa imechapwa mahali popote, ila kila aliyeipokea alielewa kinachopiganiwa.

Sasa linganisha na kilichoandikwa na upande wa pili. Serikali ya gavana Gustav Adolf von Götzen iliweka uzito mkubwa kwenye waganga na dawa yao: watu wamelogwa, wamedanganywa na wachawi wao, ndiyo maana wameinuka. Maelezo hayo yalikuwa na manufaa makubwa kwa aliyeyatoa. Ikiwa chanzo ni uchawi, basi kodi ya kichwa au nyumba haihusiki, viboko vya maakida havihusiki, na shamba la pamba linaloliwa na serikali halihusiki. Mganga akinyongwa, mambo yamekwisha. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na mambo hayakwisha hata kidogo.

Ukitaka kujua kama maji ndiyo yaliyowapiganisha watu, tazama kalenda. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu waliishambulia boma ya Mahenge wakikutana na bombomu, bunduki za rashasha, uwanja wa wazi. Walikufa kwa mamia. Siku ile kila aliyekuwa na macho aliona kuwa risasi hazikugeuka maji. Vita hata hivyo viliendelea kwa karibu miaka miwili. Wangoni waliacha kushambulia maboma ana kwa ana, wakaingia msituni na kupigana kwa kuvizia. Abdalla Mapanda wa Wangindo aliendelea hadi 1907. Mtu anayepigana baada ya kuona dawa yake imeshindwa, anapigana kwa jambo jingine. Julius Nyerere alilisema hilo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956: watu wale waliinuka kwa kuwa hawakukubali haki ya mgeni kuwatawala.

Ujerumani ilijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Serikali yao wenyewe ilikiri vifo vya Waafrika 75,000. Makadirio ya wanahistoria hufika kati ya 250,000 na 300,000, na wengi katika hao waliuawa na njaa. Wazungu waliokufa walikuwa 15. Hadi leo, hata hivyo, ukimuuliza mtu mwenye elimu ya kawaida nje ya Tanzania kuhusu vita hivi, akiwa anavijua, atakumbuka maji. Njaa haikumbuki. Kioja kimeishi, jinai imesahaulika. Wanahistoria bado wanabishana kama maji yaliunganisha makabila mengi kiasi kile tulichofundishwa shuleni, na mabishano hayo ni halali. Ila hakuna anayebishana kuhusu nani alichoma maghala.

Jambo la pili ambalo mwandishi wa haraka halioni ni kwamba dawa ya vita karibu siku zote huja na miiko, na miiko hiyo ndiyo sehemu ya kuvutia zaidi. Mwaka 1964, wapiganaji wa Simba, waasi wa mashariki mwa Kongo, waliingia vitani wakipaza sauti “Mai Mulele!”, yaani maji ya Mulele, kiongozi wa uasi. Walikuwa wameteka eneo kubwa na kuingia Stanleyville, Kisangani ya leo, mwanzoni mwa Agosti. Che Guevara alipovuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili mwaka uliofuata kuwasaidia waasi hao, akijiita Tatu, aliandika jinsi dawa ilivyoelezwa kwake: inamlinda mpiganaji, sharti asichukue kitu kisicho chake, asiguse mwanamke, na asiogope. Akifa, basi alivunja mojawapo. Che aliliona tatizo lake mara moja. Kila kifo kina maelezo tayari, na maelezo hayo humlaumu marehemu. Baada ya shambulio lililoshindwa la Bendera mwishoni mwa Juni 1965, lawama ilipelekwa kwa mganga kwamba dawa yake ilikuwa mbovu.

Soma masharti yale tena, lakini sasa kama afisa wa jeshi. Usiibe. Usibake. Usikimbie. Katika eneo ambalo jeshi la serikali lilijulikana kwa kupora na kunajisi, kundi linalowafunga vijana kwa miiko hii lilikuwa na kitu ambacho raia wangekipokea, na mwanzoni walikipokea. Pale miiko ilipovunjika, na ilivunjika vibaya sana, wakiwemo maelfu ya Wakongo waliouawa kwa sababu ya kusoma au kufanya kazi serikalini, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko dawa yenyewe. Kisha kuna upande wa adui. Wanajeshi wengi wa serikali nao waliiamini dawa ya Simba, wakatupa silaha na kukimbia kabla ya kupigana. Kwa hiyo dawa ilifanya kazi kweli, kwa njia ambayo mwandishi anaweza kuithibitisha: aulize askari waliokimbia. Ilishindwa zaidi walipokuja watu wasioiamini, mamluki na askari wa miavuli wa Ubelgiji walioshushwa Stanleyville tarehe 24 Novemba 1964.

Alice Auma wa Uganda, aliyejulikana kwa jina la pepo wake, Lakwena, aliandikwa vibaya kuliko wote. Kati ya mwishoni mwa 1986 na Novemba 1987 jeshi lake la Roho Mtakatifu lilitoka Opit, Acholi, likafika karibu na Jinja kabla ya kuvunjwa na mizinga ya serikali. Magazeti yalimwita mchawi, malaya, kichaa. Yalipenda kuorodhesha maajabu: mafuta ya mmea yanayopakwa mwilini, mawe yanayolipuka kama bomu, wapiganaji wanaoimba nyimbo za dini huku wakitembea wima kuelekea kwenye moto. Kanuni zake zilikuwa 20. Usinywe pombe, usivute, usigombane, usiibe, usiue nyoka wala nyuki, usijifiche nyuma ya mti au kichuguu. Moja ilimtaka mpiganaji awe na korodani mbili, zisizidi wala kupungua, na hiyo ndiyo iliyozunguka dunia nzima.

Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani aliyezungumza na wapiganaji wake wa zamani, aliona kitu tofauti kabisa. Askari wengi Waacholi waliorudi nyumbani mwaka 1986 baada ya serikali yao kupinduliwa walikuwa wamewaua raia, hasa katika vita vya Luwero. Walirudi na damu mikononi, katika jamii inayoamini kwamba roho za waliouawa hufuata muuaji na kuwadhuru hata ndugu zake. Hapakuwa na mahakama, hapakuwa na maungamo, na wazee walilemewa. Alice aliwatakasa. Mafuta yale yalikuwa kinga dhidi ya risasi, lakini kwanza yalikuwa namna ya kumrudisha muuaji kwenye utu. Mwandishi aliyefika kutafuta maajabu hakuweza kuandika hilo, kwa sababu swali la kwanza lilikuwa, “Je, kweli mawe yanalipuka?” Swali lilipaswa kuwa, “Vijana hawa walifanya nini kabla ya kuja hapa?” Alice alikimbilia Kenya, akaishi kambi za Dadaab, akafia huko Januari 2007. Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, alikuwa ameshaanza vyake.

Sikusudii kusema kwamba hirizi zisiandikwe. Ziandikwe, tena kwa undani. Ninacholalamikia ni kwamba kuna hirizi ambazo hazikuitwa hirizi.

Tarehe 29 Septemba 1914, gazeti la Evening News la London lilichapisha hadithi fupi ya Arthur Machen, aliyekuwa mwandishi wa gazeti hilohilo. Aliisimulia kana kwamba ni habari kutoka vitani: askari wa Uingereza wanarudi nyuma karibu na Mons, Ubelgiji, wamezidiwa, mmoja anamwomba Mtakatifu George, na ghafla wapiga mishale wa kale wanatokea na kuwaangusha Wajerumani. Pigano la Mons lilikuwa la kweli, la tarehe 23 Agosti. Wapiga mishale walitoka kichwani mwa Machen. Majarida ya parokia yakamwomba ruhusa ya kuichapa upya, na baadhi ya makasisi wakataka ushahidi wake. Alipojibu kuwa ameitunga, hawakumsikiliza. Kufikia katikati ya 1915 wapiga mishale walikuwa wamegeuka malaika, mashahidi wakapatikana, mahubiri yakatolewa, na Machen akabaki akikanusha hadithi yake mwenyewe mbele ya nchi isiyotaka kukanushiwa.

Wakati huo askari wa Uingereza walikuwa wakibeba mifukoni kidoli kidogo chenye kichwa cha mti, ili wapate kugusa mti, jambo ambalo kwao ni kinga, wakihofia balaa. Kiliuzwa madukani kihalali. Edward Lovett, mfanyakazi wa benki aliyekusanya vitu vya namna hiyo mitaani London, alirekodi pia jinsi wanamaji walivyonunua kile kifuko cha utando anachozaliwa nacho mtoto fulani fulani, kikiaminika kumkinga mtu asizame, na jinsi bei yake ilivyopanda manowari za Ujerumani zilipoanza kuzamisha meli. Paris ya 1918, ikipigwa na mizinga ya mbali, watu walivaa vidoli viwili vya nyuzi, Nénette na Rintintin. Japani wanawake elfu moja walitia kila mmoja fundo lake kwenye mshipi wa askari anayekwenda vitani.

Hakuna aliyeandika kwamba Uingereza ilipigana 1914 kwa sababu ya malaika. Wala hakuna aliyesema Vita Kuu vilisababishwa na vidoli vya nyuzi. Mashirikiano ya mataifa, meli za kivita, makoloni, kuuawa kwa mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria huko Sarajevo, hayo ndiyo yaliyokuwa sababu, na kidoli kilikuwa kidoli tu cha kijana mwenye hofu aliye mbali na mama yake. Heshima hiyohiyo ndiyo ninayoidai kwa kijana wa Mai-Mai kule Masisi, Kivu ya Kaskazini.

Haiba ni kazi ngumu zaidi kuifafanua, kwa sababu anayepatwa nayo huona anaripoti ukweli. Mfano wa karibu nasi ni Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Ujerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu. Alijisalimisha Abercorn, Mbala ya sasa nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Machi 1919 aliingia Berlin akiwa juu ya farasi, akipita chini ya lango la Brandenburg kama jemadari asiyeshindwa. Waingereza waliopigana naye walimhusudu hadi wakamkaribisha London chakulani mwaka 1929. Hadithi iliyotengenezwa na magazeti, hotuba na kumbukumbu zake ilikuwa tamu: mjerumani hodari, askari wake weusi waaminifu hadi kufa, adui waungwana pande zote mbili. Hakuna aliyetaka kuharibu simulizi kama hiyo kwa kukumbusha kwamba bwana huyu alikuwa msaidizi wa Lothar von Trotha kule Namibia mwaka 1904, Waherero walipofukuziwa jangwani wafe kwa kiu.

Wala hakuna aliyewauliza wapagazi. Majeshi yote mawili yalitembea kwa vichwa vya watu, kwani ng'ombe na farasi waliangamizwa na mbung'o. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Lettow hakuna hesabu iliyowekwa. Chakula kilichukuliwa vijijini bila kujali, na Ugogo njaa iliyofuata ikapewa jina, Mtunya. Askari waaminifu nao walitoroka kwa maelfu. Haya yote yalijulikana kwa aliyetaka kuyajua, na masalia yake tunayataja kila siku tunapokwenda sokoni Kariakoo, mtaa uliochukua jina la kikosi cha wapagazi. Lakini kikosi cha wapagazi hakina haiba. Hakipandi farasi.

Mike Hoare, mhasibu wa Durban aliyeongoza mamluki wa Tshombe, waziri mkuu wa Kongo, dhidi ya Simba, naye aliandikwa kwa namna hiyo: muungwana wa Kiairishi, nadhifu, mwenye nidhamu, anayesema vizuri. Watu wake walivunja mabenki, wakapora nyumba na kuua mateka. Mambo haya yaliripotiwa wakati uleule, ila mara nyingi kama doa kwenye picha nzuri.

Na Nkunda tumeshamtaja. Aliwahi kuwa afisa wa RCD-Goma, kundi ambalo Mei 2002 liliua raia na polisi Kisangani baada ya uasi wa ndani, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa na wa haki za binadamu walimtaja kuwa mmoja wa makamanda waliokuwepo. Mwandishi aliyepanda milima ya Masisi kumwona 2008 alilijua hilo. Aliliweka aya ya kumi na mbili.

Kwa nini? Sidhani ni kwa nia mbaya. Fikiria mwandishi amefika Goma akiwa na siku chache. Barabara ziko mikononi mwa kundi. Kamanda ndiye anayetoa ruhusa ya kupita, walinzi, mahali pa kulala, wakati mwingine chakula. Mkono mtupu haulambwi, na kamanda analijua hilo vizuri. Ana sentensi fupi zinazofaa kunukuliwa. Anajua mhariri anataka nini. Kumhoji mama aliyekimbia kijiji kunahitaji mkalimani, subira, siku mbili za kumzoea, na mwishowe anaweza kukataa jina lake kutajwa. Kumhoji jenerali kunahitaji saa moja, na picha inatoka safi. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka Goma, siku chache tu zilipita kabla Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wao, hajakaa mbele ya vipaza sauti akieleza mipango yake kwa utulivu, huku hospitali za mji zikiwa zimejaa majeruhi. Mikutano ile lazima iripotiwe, kwa sababu aliyeshika mji ana la kusema kuhusu mji. Swali ni nani mwingine amesikika siku hiyohiyo, na kwa urefu gani.

Mvuto huu unaweza pia kugeuzwa. Novemba 1965, jijini Munich, watengenezaji filamu wawili wa Ujerumani Mashariki, Walter Heynowski na Gerhard Scheumann, walimhoji Siegfried Müller, mmoja wa mamluki wa Hoare. Hawakumwambia wanatoka upande gani. Alikaa mbele ya kamera na mavazi yake ya kivita, msalaba wa chuma wa vita vya Hitler kifuani, wakamsifu, wakamjazia pombe glasi baada ya glasi. Alitabasamu karibu muda wote. Kadiri ulevi ulivyopanda ndivyo alivyosema zaidi, akionyesha bila kutambua kwamba alichofanya Kongo alikiona ni mwendelezo wa kazi yake ya zamani. Filamu ilirushwa 1966 na ilimmaliza. Mimi bado nasitasita kuhusu njia waliyotumia. Walimdanganya, na walikuwa wakiitumikia dola yenye ajenda yake. Ila Wakongo hawakuwahi kupata ungamo jingine lililo wazi namna ile, na lilipatikana kwa sababu mwandishi ndiye aliyekuwa mcheshi, na kamanda ndiye aliyelewa.

Inabaki kinga ya mwandishi mwenyewe. Kisheria anayo: Itifaki ya Nyongeza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva inamhesabu mwandishi aliye katika eneo la vita kuwa raia. Kinga hiyo huonekana kwa macho kama fulana nzito ya bluu yenye neno PRESS kwa herufi kubwa. Fulana ile ina miiko yake kama dawa yoyote: usibebe silaha, usichukue upande. Shireen Abu Akleh wa Al Jazeera aliivaa asubuhi ya tarehe 11 Mei 2022 huko Jenin, pamoja na kofia ngumu, na risasi ilimpiga kichwani. Hakuwa amevunja mwiko wowote. Tangu Oktoba 2023, vita vya Gaza vimeua waandishi wengi kuliko vita vingine vyovyote ambavyo Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari imevihesabu tangu ianze kuweka kumbukumbu 1992. Fulana hulinda pale tu mwenye bunduki anapokubali kuisoma.

Kinga nyingine ya mwandishi ni kupendwa. Dan Eldon, mpigapicha wa Reuters aliyekulia Nairobi, alikuwa na umri wa miaka 22 na alijulikana mitaa mingi ya Mogadishu kwa ucheshi wake. Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za kikosi cha Umoja wa Mataifa zilishambulia nyumba walimokutana wazee wa ukoo wa Mohamed Farah Aidid, mbabe wa vita wa Somalia. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu maiti 54. Eldon na wenzake walipofika kupiga picha, umati uliojaa hasira uliwageukia. Alikufa yeye, Hansi Krauss wa AP, na Wakenya wawili wa Reuters, Hos Maina na Anthony Macharia. Wote wanne walikuwa wamekwenda kuonyesha dunia walichotendewa Wasomali wale. Duniani linakumbukwa zaidi jina la Eldon, na ana haki ya kukumbukwa. Lakini Maina na Macharia walikuwa na familia Nairobi, walifanya kazi ileile na walikufa kifo kilekile.

Ndivyo ilivyo hata sasa mashariki mwa Kongo. Nyuma ya kila mwandishi wa nje kuna mwandishi wa Bukavu au Rutshuru, dereva, mkalimani, mtangazaji wa redio ya mtaa anayesoma habari kwa Kiswahili huku kundi lililoushika mji likimsikiliza. Yeye ndiye anayejua kwamba kijana wa Mai-Mai aliingia msituni baada ya shamba la baba yake kuchukuliwa, na kwamba jenerali mcheshi ana kaka yake anayesimamia ushuru wa kizuizi. Mara nyingi habari hiyo hutoka kwake, na hupita mikononi mwa watu watatu kabla ya kuchapwa ikiwa imepunguzwa. Hana fulana, na vita vikihamia mtaani kwake hana ndege ya kumtoa.

Wahariri wanaotegemea watu hawa wana mambo ya kufanya leo. Wawalipe kwa siku walizofanya kazi badala ya habari zilizotumika, wawakatie bima ileile wanayomkatia mgeni, na wawape nafasi ya kukataa safari bila kupoteza kibarua. Wengi wataomba majina yao yasitajwe, na ombi hilo liheshimiwe kila mara. Malipo na bima havihitaji jina gazetini.